Nitunzie Sakafu Yangu

Adventina aliporudi kutoka Butiama Jumatano saa kumi jioni, aliinusa sebule yake kabla hajaiona. Alikuwa bado uani, mfuko wa nguo begani na mwiko wake umeviringishwa kwenye kanga kuukuu, akadhani ng'ombe wa jirani wamepita tena. Akavua ndala, akasukuma mlango. Sakafu yake nyekundu, aliyoipigia magoti Jumapili nzima akiikandamiza kwa mwiko mpaka ikang'aa, ilikuwa imegeuka kijani. Ilikuwa imepakwa mavi ya ng'ombe kutoka ukuta hadi ukuta, kwa ustadi mkubwa, nusu duara juu ya nusu duara, hata kwenye kona ambako mkono haufiki kirahisi.

Bibi Ghati, mama mkwe wake, alikuwa ameketi nje ya mlango wa jikoni akinawa mikono kwenye karai. Umri wake ulikuwa miaka sabini na kitu, na furaha yake hakuificha.

"Mama Wanzagi, umerudi! Pole na safari. Ile sakafu yako nimeitunza. Leo ndiyo ya tatu."

"Ya tatu nini, mama?"

"Kupaka. Juzi, jana na leo. Hapa kwa jirani nilikuwaga napata kidogo, yakaisha, nikapanda mpaka kule mlimani kwa wale wenye zizi. Wakanijazia ndoo." Alijikuna kiwiko kwa mkono wenye maji. "Imekubali vizuri. Sakafu ngumu ile, inanywa sana."

Adventina alisema, "Asante, mama." Angesema nini? Kwa watu wake mkwe hagombezwi, wala hakatizwi maneno, wala hapitiwi mbele ukiwa umevaa viatu. Aliweka mfuko chini, akaenda chooni, akafunga komeo, akauma upindo wa kanga na kulia. Alilia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwangukia. Kizee cha watu kimepanda mlima na ndoo kichwani kwa ajili yake. Ukimkasirikia mtu kama huyo, unakuwa mtu wa namna gani?

Akanawa uso, akatoka, akaanza kupika ugali.

Sasa ijulikane kwamba ile haikuwa sakafu ya kukalia tu. Mtaa wa pili, hapo hapo Nyasura, Mwalimu Miriamu alikuwa anamalizia nyumba ya vyumba vinne na sebule, na alikuwa anatafuta fundi wa kumpigia niru nyekundu nyumba nzima. Waliopeleka majina walikuwa wawili: fundi Silasi, ambaye amejenga nusu ya Bunda na anapenda kuwakumbusha watu, na Adventina, ambaye kwa miaka sita alikuwa saidia fundi wa huyo huyo Silasi.

Watu wakimwona saidia fundi mwanamke wanaona karai la zege kichwani, basi. Hawakujua kwamba Silasi ana magoti mabovu, na kwamba ikifika wakati wa niru, ile saruji laini yenye rangi ya unga inayopakwa juu na kusuguliwa kabla haijashika, alikuwa anamwachia Adventina mwiko na kwenda kukaa kivulini. Mkono wa Adventina ulikuwa mwepesi na haukuacha mistari. Lakini mwenye nyumba akitokeza kwa mbali, Silasi alikuwa anasimama na kuchukua mwiko. "Hebu kachote maji," alikuwa anamwambia, na Adventina alikuwa anakwenda kuchota maji yasiyohitajika, huku nyuma yake mwenye nyumba akimsifu fundi kwa kazi safi. Nyumba ngapi? Alishaacha kuhesabu.

Mwalimu Miriamu siku moja alifika kwenye kazi yao bila viatu vyake kusikika, akamkuta Adventina juu ya niru na Silasi kivulini, kisha akasikia anavyotumwa kuchota maji. Baadaye alimfuata kwenye genge.

"Nasikia na wewe unataka kazi yangu. Nionyeshe sakafu uliyoipiga mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Siyo ya Silasi. Nitakuja Jumamosi saa nne."

Adventina alikuwa na sebule yenye jamvi tu, lile zege la chini lisilo na niru, linakwaruza miguu miaka minne. Akachukua mifuko miwili ya saruji na rangi, akaipiga Jumapili yote, wala kanisani hakwenda. Hajawahi kupiga nzuri kama ile na alijua. Jumatatu Silasi akampigia simu: kuna zege la duka Butiama, siku tatu, kulala huko huko. Kibarua hakikataliwi. Akamwita mama mkwe wake mlangoni.

"Mama, naomba unitunzie sakafu yangu. Isikauke mpaka nirudi."

Hilo ndilo neno. Kwa mafundi, kutunza sakafu maana yake ni kuimwagia maji siku saba, asubuhi, mchana na jioni, ili saruji ishike taratibu isipasuke. Bibi Ghati alikuwa amefika mjini mwaka uliopita tu, baada ya kubaki peke yake kijijini Butiama. Sakafu zote alizozitunza maishani mwake zilikuwa za udongo, na sakafu ya udongo ukiimwagia maji unaiua, inakuwa tope. Inatunzwa kwa mavi mabichi ya ng'ombe na jivu kidogo. Isikauke, ameambiwa. Basi akahakikisha haikauki.

Alhamisi asubuhi Adventina alimwaga maji ndoo nane, akaisugua sebule kwa brashi ya nguo. Yale mavi yalitoka. Kilichobaki ni alama zake. Sakafu ilikuwa changa, imekunywa, na kila nusu duara ya mkono wa bibi ilikuwa imejichora kwenye wekundu kwa rangi ya chai ya rangi, kutoka mlangoni hadi dirishani. Alisugua kwa sabuni ya unga. Alisugua kwa msasa kipande kidogo nyuma ya mlango, akaona anaondoa ule mng'ao wenyewe na doa limebaki, akaacha.

Bibi Ghati alisimama kizingitini akitazama maji ya kijani yakitoka nje.

"Unaitoa?"

"Nasafisha tu, mama."

"Hiyo alama haitoki?"

"Itatoka."

Bibi akatazama brashi, akatazama vidole vya mkwe wake vilivyochubuka. Hakuwa mjinga. Ni mtu aliyelea watoto saba na kujua kila mmoja anavyodanganya.

"Nimeharibu?"

"Hapana, mama."

Mchana bibi alisema tumbo limejaa, hakula. Jioni akasema Jumapili atapanda gari kwenda Butiama kuangalia shamba. Shamba lilikuwa limeshavunwa, hata maboga yalikuwa yameisha, na wote wawili walijua. Adventina alitamani kumwambia asiende, lakini angemwambia asiende kwa sababu gani, wakati amekwisha kumwambia hakuna kilichoharibika? Alijiona ovyo kabisa.

Silasi alifika Ijumaa asubuhi kumletea malipo yake ya Butiama. Habari alikuwa nayo tayari, maana Nyasura habari hailali kwa mwenyewe. Alichungulia sebuleni, akapiga mluzi.

"Eeh, fundi! Hii ndiyo ya kumwonyesha mwalimu?"

"Ndiyo hiyo."

"Kweli ya Mungu, ng'ombe amekuzidi mkono." Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kujipenda tu, akashusha sauti. "Sikiliza. Piga niru nyingine juu, nyembamba, sasa hivi. Kesho saa nne anakuta nyekundu tupu."

"Itabanduka."

"Itabanduka baada ya miezi mitatu. Mwalimu anakuja kesho."

"Ndiyo maana zako zinabandukaga."

Silasi aliacha kucheka. Akatoa kitambaa akajifuta shingo.

"Basi mwambie ni staili. Watu wa mjini wanapendaga staili."

"Na akisema anataka staili hiyo vyumba vinne?"

"Utanunua ng'ombe," Silasi alisema, na hapo wote wawili wakacheka, maana ilichekesha. Lakini alipofika barabarani alikuwa anatembea kwa raha ya mtu ambaye kazi imekwisha kumrudia mkononi.

Adventina alirudi ndani. Akachukua mwiko, akaugeuza, akaanza kugonga sakafu kwa mpini, hatua kwa hatua, akiwa ameinamisha sikio. Aligonga mlangoni, katikati, chini ya dirisha. Alipomaliza alikaa chini akanyoosha miguu. Rangi imeharibika, alijiambia, lakini sakafu hii ni nzima kuliko zote nilizowahi kupiga. Alikuwa na hakika nayo kama alivyo na hakika na jina lake. Kilichokuwa kinamsumbua ni swali moja tu, na alijua mwalimu lazima ataliuliza.

Magige, mume wake, alirudi kutoka Buhemba siku hiyo jioni, nguo zimejaa vumbi la machimbo. Aliikagua sebule, akavuta pumzi, akanong'ona ili mama yake asisikie.

"Si useme tu ni mama? Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa?"

"Sasa nimtaje mama yako mbele ya mgeni, yeye akiwa amekaa hapo jikoni anasikia? Kwamba mama mkwe wangu ndiye aliyepaka mavi? Nenda wewe kamwambie kesho nitamtaja."

Magige alitoka. Alikaa na mama yake kwenye benchi, wakaongea juu ya mvua, juu ya bei ya pamba, juu ya binamu fulani aliyevunjika mguu. Baada ya nusu saa alirudi.

"Nimeshindwa," alisema.

Mwalimu Miriamu alifika Jumamosi saa nne kamili kwa saa ya mkononi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompendeza Adventina, akaingia akasimama katikati ya sebule. Magige alikuwa amesimama karibu na dirisha, shati lake limepigwa pasi. Mwalimu alizungusha macho ukuta hadi ukuta. Hakuharakisha.

"Hii nini?"

"Ni madoa, mwalimu."

"Naona ni madoa. Ya nini?"

"Mavi ya ng'ombe. Yalipakwa sakafu ikiwa changa."

Mwalimu akainua nyusi. "Nani aliyapaka?"

"Kosa ni langu, mwalimu. Niliondoka siku tatu, maelekezo sikuyaacha vizuri."

"Sijauliza kosa la nani. Nimeuliza nani aliyapaka."

Magige akatazama vidole vya miguu yake kana kwamba amewekewa vipya.

"Watoto?"

"Hapana, mwalimu."

"Wewe mwenyewe?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, na ingekuwa rahisi zaidi kusema jina. Miaka sita amekwenda kuchota maji yasiyohitajika, leo amefika mahali pa kusimama kwa miguu yake mwenyewe, na ulimi umekataa.

Mwalimu Miriamu alishika mkoba wake vizuri. "Mama Wanzagi, mimi nina darasa la watoto tisini. Mtu akianza kunizungusha namjua. Fundi akikosea nyumbani kwangu, nataka aniambie kimekosewa nini na nani kakosea, nisije nikakuta mwenyewe mwaka kesho. Kama hapa kwako tu unanificha..." Akaanza kutafuta kiatu chake kwa mguu.

"Subiri kidogo, mwalimu."

Bibi Ghati alikuwa ametoka jikoni. Alipita mbele ya mwanawe, akaja kusimama peku juu ya yale madoa. Alikuwa amejifunga kitenge cha kutokea.

"Shikamoo, mama," mwalimu alisema.

"Marahaba. Nilipaka mimi. Aliniambia nitunze sakafu, nami sakafu naitunzaga hivyo tangu ni msichana. Hakuna aliyenituma mavi, nilijituma." Alivuta pumzi. Ilikuwa inamgharimu. "Huyu anakuficha kwa sababu mimi ni mkwe wake, kwetu hatutajani. Hana tabia ya uongo. Sasa kama heshima yangu ndiyo inamnyima kazi, mimi namfungua. Mama Wanzagi, sema. Nitaje."

Adventina alimtazama. Hakuna mwanamke aliyemjua aliyewahi kuambiwa neno hilo na mkwe wake.

"Ni mama mkwe wangu aliyepaka," alisema taratibu. "Mimi nilimwambia 'nitunzie'. Ningesema 'mwagia maji', angemwagia maji. Rangi imeharibika, mwalimu. Siwezi kuitoa na sitaipaka juu ili kuificha, itabanduka. Lakini umekuja kuangalia sakafu. Una sarafu?"

Mwalimu alifungua mkoba akatoa sarafu ya mia mbili.

"Gonga. Anza popote unapotaka wewe. Kama niru haijashikana na zege la chini, utasikia inalia tupu."

Mwalimu Miriamu alikunja sketi akapiga magoti. Aligonga katikati, akagonga pembeni, akaenda kwenye kona zote nne, bila aibu, huku mumewe Adventina akimpisha. Kila mahali sauti ilikuwa ile ile nzito, fupi. Akasogea mlangoni, ambako nyufa huanzia, akapitisha kucha taratibu.

"Kwa dada yangu nyufa zilitokea wiki ya pili," alisema, akiwa bado chini. "Silasi huyo huyo."

"Iliachwa ikakauka mapema. Inataka maji siku saba, watu humwaga siku mbili wakachoka. Hii haikupigwa na jua wala upepo hata saa moja, siku tatu. Yale mavi yaliifunika ikabaki na unyevu."

"Nilisema mimi," Bibi Ghati aliingilia, ingawa hakuwa amesema.

Mwalimu akacheka. Alicheka peke yake kwanza, kisha Magige, aliyekuwa anatafuta ruhusa ya kucheka tangu asubuhi. Akasimama, akapangusa magoti, akarudisha sarafu kwenye mkoba.

"Vyumba vinne na sebule. Jumatatu saa moja. Rangi iwe moja."

"Iwe moja. Na bei yangu ni bei ya fundi, mwalimu. Ile ile aliyokutajia Silasi. Siyo ya saidia fundi."

"Nilijua utasema hivyo."

"Na Silasi akija kukuambia atapunguza?"

"Atakuja," mwalimu alisema, akivaa viatu. "Nitamwambia akachote maji."

Adventina alimsindikiza hadi barabarani kama ilivyo desturi, akarudi anatembea haraka, anajizuia asikimbie. Magige alikuwa ameshakaa kwenye sakafu, mgongo ukutani, anatabasamu ovyo. Bibi alikuwa amesimama pale pale.

"Hebu niambie kweli," Magige alimwambia mke wake. "Mama asingetoka jikoni, ungesema?"

"Nisingesema."

"Mwalimu angeondoka."

"Angeondoka."

"Na kazi?"

"Ingekwenda, Magige. Ningefanyaje?"

Bibi Ghati alisikiliza hayo yote akiwa anawatazama kwa zamu. Halafu akamshika Adventina mkono, ule wenye vidole vilivyochubuka, na macho yake yakajaa machozi, na hakujishughulisha kuyafuta.

"Siku nyingine usiniheshimu mpaka tukalala njaa," alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya. Umesema siku saba, leo ni ya sita. Lete ndoo unionyeshe hayo maji yanamwagwaje, kesho nitamwaga mwenyewe."

Adventina akaenda kuleta ndoo.